Mama Mpole wa Katindo

Mchoro ulitoka kwenye mashine ya sekretaria ukiwa karatasi ishirini za A4, bado zina joto, na kijana anayechapisha akaniuliza kama nataka kujenga nyumba. Nikamwambia ni ndege. Akacheka kwa adabu, akahesabu faranga zake. Nyumbani, hapa Katindo, mtaa wa Goma, nilizitandaza sakafuni, nikaziunganisha moja baada ya moja, kisha nikaweka rula juu ya mstari ambao mchoraji mwenyewe ameuandikia inchi 10. Ulikuwa na inchi 9.7. Mashine ilikuwa imeuminya mchoro ili kingo zake zisikatwe, bila kumwambia mtu. Kwenye barua ya kuomba kazi, upungufu huo hauonekani. Kwenye bawa la mita mbili ni sentimita sita zilizoyeyuka, na kila ubavu ambao ningeukata kwa kufuata karatasi zile ungekuwa umedanganywa. Nilirudi kesho yake. Kijana akaikagua mashine yake kama mtu anayemhoji mtoto mwongo, akachapisha upya, na hakutaka malipo.

Ndege yenyewe si siri. Zaidi ya miaka 40 iliyopita kampuni ya Carl Goldberg, ya Chicago, iliuza boksi lenye vipande vya mti wa balsa, mchoro mmoja mkubwa na maelezo ya kuunga, na juu ya boksi jina: Gentle Lady. Kwa Kiswahili chetu, Mama Mpole. Ni planeri, kama tunavyosema sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa: ndege isiyo na moteri, inayoongozwa na mtu aliye chini kwa redio. Ndani yake mna vijimashine viwili tu. Kimoja huvuta usukani wa mkia kushoto na kulia, kingine huinua na kushusha pua. Mabawa hayana vipande vya kupinda kama yale ya ndege za abiria. Badala yake yameinuliwa kidogo toka katikati, na yakikaribia ncha yameinuliwa tena, mfano wa mikono ya mtu anayepokea mtoto. Ukivuta usukani, bawa moja hutangulia, upepo hulikamata kwa chini zaidi kuliko mwenzake, nalo hunyanyuka, na ndege huegemea yenyewe. Ufundi wote wa kugeuka umefichwa katika mkunjo ule. Ule urefu wa karibu mita mbili haukuchaguliwa kwa uzuri. Mashindano yalikuwa na daraja la mita mbili, na mchoraji akakijaza kipimo hadi ukingoni. Olympic II ya Lee Renaud, ya zama hizohizo, ina inchi 99.9 kwa sababu daraja lake liliishia 100. Sheria ya watu wa mashindano imebaki ndani ya mbao, na anayejenga leo anaitii bila kuijua.

Watu wakiniuliza kwa nini nahangaika na kitu hiki, wanatazamia niseme habari za babu aliyefanya kazi uwanjani, au ndoto ya utotoni. Sina. Sababu yangu ni kimya. Katindo haiko mbali na uwanja wa ndege, na kwa miaka mingi tulikuwa tukikatizwa mazungumzo bila kukasirika: Antonov ikipita, mtu analishika neno lake mdomoni, anangoja, kisha anaendelea pale alipoachia. Tulizijua kwa sauti kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani. Tulijua pia zinavyoanguka. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuinuka, ikaingia mtaa wa Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier ya Busy Bee iliangukia nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Na njia yenyewe ya kurukia ilikuwa imefupishwa na mlima: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilimeza karibu kilomita moja ya ile njia ya kilomita tatu.

Halafu, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja ukafungwa, na ngurumo zile zikakoma. Siku za kwanza masikio yalikuwa na kazi nyingine. Baadaye, risasi zilipotulia, niligundua kwamba bado ninakatiza sentensi zangu katikati, nikingojea ndege isiyokuja. Nikainua macho kutafuta kilichokosekana, nikawaona mwewe.

Hakuna anayewasifu mwewe wa Goma. Wanapora dagaa sokoni, wanagombana juu ya jalala, wanamtisha kuku aliyekonda. Lakini watazame jua likishapanda. Mji huu umekaa juu ya jiwe jeusi la volkano, na jiwe jeusi hunywa joto upesi kuliko bustani, upesi kuliko ziwa. Hewa iliyolalia jiwe hupashwa, huvimba, hujing'oa na kupanda kama nguzo isiyoonekana, huku hewa baridi ya Kivu ikiingia chini kujaza pengo. Mwewe huigusa nguzo hiyo kwa ncha ya bawa, hugeuka kuiingia, kisha huzunguka na kuzunguka, bila kupiga bawa hata mara moja, mpaka awe doa. Hiyo ndiyo moteri ya planeri. Tukisema kweli, planeri inaanguka tangu inapoachwa mpaka inapotua: kama nusu mita kila sekunde, ndani ya hewa inayoizunguka. Ila hewa yenyewe ikiwa inapanda mita moja kwa sekunde, anayeanguka polepole ndani yake anajikuta ameenda juu.

Nilimweleza hayo fundi wa mbao wa mtaa wetu. Ni mzee wa maneno machache, karakana yake ni mabati manne na meza moja, na nje kumeegemezwa vitanda visivyopakwa rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na penseli sikioni.

"Basi iyo ni chukudu ya juu," akasema.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu planeri. Hakuna lililonitosha kama hilo. Kwa msomaji wa mbali: chukudu ni baiskeli yetu isiyo na pedali, ya mbao, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi, usukani kama pembe za ng'ombe. Ilianza kuonekana huku miaka ya 1970, na mjini kuna sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Mwenye chukudu hupakia kabichi na viazi kule Kibumba, zaidi ya kilomita ishirini kaskazini na mita mia kadhaa juu yetu, hupiga goti moja ubaoni, na mlima humleta Goma. Hakuna petroli. Ana kimo, na kimo anakibadilisha na mwendo, mpindo kwa mpindo, akipunguza kwa kisigino au kwa kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Planeri haifanyi jingine. Tofauti ni kwamba chukudu ikifika bondeni lazima isukumwe kurudi juu kwa kifua cha mtu, na hapo ndipo unapoona kimo kina bei gani.

Kuna tofauti ya pili, ambayo mzee hakuitaja. Chukudu haina mchoro. Yeye mwenyewe amewahi kuzitengeneza: fremu ya mkaratusi, magurudumu ya mti mgumu, na vipimo vyote vimo katika mkono na goti lake. Fundi wa chukudu akifariki bila mwanafunzi, kuna pembe fulani ya usukani inayozikwa naye. Mama Mpole wangu hakuwahi kugusa mkono wa mtu niliyemjua. Alinifikia kwa karatasi tupu. Kila njia ina umaskini wake. Mkono haukosei inchi 9.7, lakini karatasi inavuka bahari.

Taabu ilianza kwenye mti. Balsa hutoka zaidi Ekuado, na mbao ya balsa ya kufaa kazi hii ina kilo 100 hadi 160 kwa mita ya ujazo. Maji, ukumbuke, yana 1,000. Kuiagiza kutoka ng'ambo mpaka Goma, kwa barabara na mipaka ya sasa, ni mzaha. Nikarudi kwa mzee.

"Muzee, natafuta mti mwepesi."

"Mwepesi wa kufanya nini? Mti mwepesi ni wa bure, mutoto yangu. Ata moto hauupendi."

Kwa fundi aliyezeeka na mbao ngumu za msituni, wepesi ni ugonjwa. Ilichukua siku kadhaa akubali kwamba kuna kazi ambayo ndani yake wepesi ndio ubora. Alipokubali, yeye ndiye aliyekumbuka parasolie, ule mti wa majani mapana yaliyofunguka kama mwavuli, unaojaa upande wa Walikale popote msitu ulipokatwa na kuachwa. Wataalamu huuita Musanga cecropioides. Akapata magogo mawili membamba kwa watu wa malori. Nilipozisoma habari zake nilishtuka kidogo: huota kwa haraka ya ajabu mahali penye jua jipya, hufika mita ishirini, kisha hufa mapema, baada ya miaka kama ishirini tu, ukiiachia nafasi miti yenye subira. Balsa ina tabia hiyohiyo kule kwao. Yote miwili ni miti ya vidonda vya msitu. Haina muda wa kujenga ugumu, inakimbilia mwanga, na ndiyo sababu imejaa hewa. Si ndugu wa ukoo, lakini wamelelewa na njaa moja.

Parasolie, hata hivyo, si balsa. Ni nzito zaidi, mara moja na nusu, pengine mbili. Ukikata ubavu kwa unene ulioandikwa kwenye mchoro, Mama Mpole anakuwa Mama Mzito. Hapo ndipo nilipobishana na nafsi yangu kwa majuma. Nifuate mchoro, au nimfuate mchoraji? Nilianza kama mcha Mungu, kila milimita ni andiko. Nikaishia kuona kwamba mchoraji hakutaka balsa hata kidogo. Alitaka gramu 800 zilizotandazwa juu ya bawa la eneo pungufu kidogo ya nusu mita ya mraba, na huko Chicago njia fupi ya kufika hapo ilikuwa balsa. Angezaliwa Walikale angechora kitu kingine na kupata ndege ileile. Basi nikaorodhesha kichwani vitu visivyoguswa: mpindo wa ubavu, pembe za mkunjo wa bawa, mahali pa mizani, ambapo ni kama theluthi moja ya upana wa bawa kutoka mbele. Vilivyobaki vyote ni mazungumzo.

Mzee akazungumza kwa randa. Sijawahi kuona mkono wa namna ile. Mbao ya parasolie aliiranda hadi milimita moja na nusu, mwanga ukapenya, akaishika juu ya dirisha kama mtu anayekagua noti ya dola. Kila ubavu tuliutoboa matundu. Vijiti virefu vya kubeba bawa, ambavyo mchoro unataka viwe vya mti wa kigeni, tulivipasua kutoka kwenye mwanzi. Ngozi ya bawa ni karatasi laini ya kufungia zawadi, iliyopakwa kole nyeupe, yaani gundi, iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka hujikaza yenyewe na kulia kama ngoma ukiipiga kwa kidole. Watoto wa jirani waliipiga sana. Mmoja wao, mwenye miaka kama saba, alizunguka meza mara mbili akichungulia chini.

"Moteri iko wapi?"

"Haina."

"Sasa itaruka namna gani?"

Nikamwonyesha mwewe. Akanitazama kwa huruma ile ambayo watoto huwahifadhia watu wazima.

Gramu tulizozidisha kwenye mbao tulitarajia kuzirudisha kwenye redio. Zamani kipokezi, vijimashine viwili na betri ya nikeli vingekula zaidi ya gramu 200. Siku hizi vinakaa ndani ya gramu 70 au 80, na betri ni ya ukoo mmoja na ya simu. Ndani ya vifaa vingi vya namna hii mna tantalumu, inayosafishwa kutoka kwenye koltani kama inayochimbwa Rubaya, hapo Masisi. Sitalifanya hilo kuwa hotuba. Ninasema tu kwamba sehemu pekee ya ndege hii niliyoinunua kama kitu cha kigeni huenda ndiyo iliyotoka karibu zaidi. Lakini wepesi huu mpya ulinitega. Pua ya Mama Mpole ilichorwa ikijua kwamba itabeba betri nzito ya zama zile. Ukimpa ya leo, mkia unashinda, na mizani inakwenda nyuma. Utarudisha uzito puani kwa risasi au chuma, gramu kwa gramu. Na kila gramu moja ya mkiani hudai gramu kadhaa mbele. Kwa hiyo mkia tukaujenga upya, kwa mbao zile nyembamba kabisa, zile ambazo mzee aliziona aibu kuitwa mbao. Puani tukaacha kitundu cha kutia misumari.

Hewa nayo ilidai sehemu yake. Goma iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Ndege ileile, kwa uzito uleule, lazima iende kasi zaidi kama asilimia nane ili ibebeke hapa. Ni mpole, ndiyo, lakini huku atatembea kama mama aliyechelewa sokoni.

Mpaka hapo nilikuwa ninaandika habari za mbao. Sasa kuna anga.

Planeri ya mita mbili hurushwa kwa manati: mita thelathini za mpira, na kamba ndefu mara tatu au nne ya hapo. Mpira si tatizo mjini kwetu. Vipande vya chambuari, mpira wa ndani wa tairi, ndivyo vinavyofunga kila mzigo kwenye kila chukudu. Ndege huvutwa juu kama tiara, hujifungua, huanza kutafuta nguzo yake ya joto na kuzunguka, kimya, nyeupe, dakika tano, kumi, ishirini ikibahatika. Sasa iweke picha hiyo juu ya Katindo. Juu ya mtaa wenye kambi ya kijeshi inayojulikana na kila jeshi lililowahi kupita hapa. Tarehe 3 Desemba 2013 MONUSCO ilizindua hapa Goma ndege zake zisizo na rubani, aina ya Falco kutoka Italia, mara ya kwanza kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutumia chombo cha namna hiyo kilicho chini yao wenyewe. Hizo zilikuwa na macho tu. Zilizokuja baadaye katika vita hivi zina zaidi ya macho, na pande zote mbili zimejifunza kuzitumia. Leo mtu wa Kivu akiona kitu kidogo kinazunguka juu bila rubani, haulizi ni kizuri namna gani. Anatafuta ukuta. Ningesimama wapi na kisanduku cha redio mikononi, na ningemweleza nani, kwa maneno gani, kwamba ni Mama Mpole?

Kwa hiyo sikuirusha. Majirani walidhani nimeshindwa kuimaliza, na niliwaacha wadhani hivyo. Ilining'inia sebuleni kwa uzi, na usiku upepo wa dirishani uliizungusha kidogo, pua yake ikitafuta ulikotoka. Inachosha kuishi na kitu kinachojua upande wa upepo. Mzee ndiye aliyekuja na wazo, kwa sababu alikuwa ameziranda zile mbao na alitaka kujua. Kanisa moja la mtaa lina ukumbi mrefu aliouwekea milango yeye mwenyewe. Siku ya kati ya juma mlinzi akatufungulia, tukasogeza mabenchi ukutani, na mtoto yule wa moteri akatufuata bila kualikwa.

Redio tuliiacha nyumbani. Jaribio la kwanza la planeri halihitaji redio: unaishika chini ya bawa, unakimbia hatua tatu, unaiachia mbele kama unayemkabidhi mtu sahani. Mara ya kwanza ilinyanyua pua, ikasimama hewani kama iliyosahau jambo, ikadondoka kwa tumbo. Misumari miwili puani. Mara ya pili ilinyanyua kidogo tu. Msumari wa tatu, na ikachimba sakafu. Ubavu mmoja ukapasuka, mzee akaupaka kole, tukangoja ikauke tukila karanga. Akautoa msumari wa tatu, akaukata nusu kwa koleo, akarudisha nusu.

Kisha akaenda kusimama mwisho wa ukumbi, mikono wazi, akisema mimi nisikimbie sana. Sikukimbia. Niliiachia tu. Ilitoka mkononi bila kupanda wala kushuka, kwa kadiri jicho langu lilivyoona, ikapita chini ya taa zilizozimika, juu ya kichwa cha mtoto aliyejikunja bila sababu, na sauti pekee ilikuwa ile ya karatasi ikisugua hewa. Ilikuwa bado kwenye usawa wa kifua ilipomfikia mzee. Akaipokea kwa bawa na mwili pamoja, kama mtu anayezuia mlango usigonge, akabaki ameishika.

"Bado ilikuwa inaenda," akasema.

Akageuka nyuma yake, akautazama mlango wa mwisho wa ukumbi, ule wa mbao nzito alioutengeneza mwenyewe, unaofungukia uwanja wenye nyasi.

"Ule unafunguka?" akamwuliza mlinzi.

Mlinzi akapapasa mfuko mmoja, halafu wa pili.